Ufunguo Uliotoka na Tope

Siku yangu ya kwanza uwanjani nilitoka mtaani kwangu Hyattsville, huku Marekani, kwa mabasi mawili nikiwa nimevaa viatu vya kanisani. Niliambiwa ni kazi ya uwanja wa besiboli, nikadhani nitasimama langoni kupokea tiketi. Msimamizi wa Uwanja alinitazama miguu, akacheka, akanipa buti na mpira wa kumwagilia.

"Karibu, dada. Wewe utanywesha udongo."

Alikuwa Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili darasani kwa mapenzi tu, na chake kilinyooka kuliko changu. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo nikikosea hapa mnivumilie.

Ninyi mkitazama besiboli mnaona mpira. Sisi tuliona udongo. Kati ya besi na besi, vile vituo vinne anavyovizunguka mkimbiaji, pana ardhi nyekundu isiyo na nyasi, ambapo mkimbiaji hujitupa kwa kifua au kwa paja ili aguse besi kabla ya kushikwa. Ikikauka humchubua. Ikilowa sana humtelezesha. Kipimo chetu kilikuwa ufunguo wa nyumba. Unauchoma ardhini: ukikwama, ongeza maji, ukiingia laini na kutoka safi, funga bomba, ukitoka na tope, umeharibu. Nilishika upesi, maana kitalu cha mama kule Kisii nilikipima kwa kidole.

Timu yetu ilikuwa ya ligi ndogo ya kulipwa. Mahasimu wetu walikuwa majirani, mwendo wa saa moja kwa gari, na wakija hata wauza soseji walinuniana. Walikuwa na mkimbiaji mwembamba, hodari wa kuiba besi, yaani kuchomoka kwenda besi ya mbele wakati mrushaji anarusha. Kila walipokuja alinipitia nikimwagilia, akaniuliza kwa Kiingereza:

"Mama, kitanda changu umetandika?"

"Lala salama," namjibu, tunacheka.

Jumamosi moja msimu ukiisha, mahasimu wakiwa wageni wetu, Msimamizi alinijia taratibu.

"Dada, pale besi ya kwanza, anapochomokea yule mwembamba wao, waongezee maji."

"Kipimo kimefika, bosi."

"Najua. Ongeza."

"Na hiyo ni haki?"

"Kwao wanatufanyia hivyohivyo."

Ni kweli, wachezaji wetu walikuwa wamelalamika. Tena Msimamizi hakuwahi kuniomba jambo kama lile, na wakubwa wake walikuwa wamembana. Siwezi kumtwika yeye peke yake. Mkono ulioshika mpira wa maji ulikuwa wangu. Nikaongeza. Ufunguo ukatoka na tope, nikaupangusa kwenye suruali.

Mkimbiaji akapita. "Mama, kitanda?"

"Lala salama," nikasema.

Mchana ule alichomoka, mguu ukazama, goti likageuka. Wenzake wawili walimtoa wamemshika kwapa. Tulishinda kwa pointi moja na watu wakaruka vitini. Msimamizi aliukunja mpira wa maji mwenyewe, kazi ambayo si yake.

"Tusirudie, dada."

"Haturudii."

Hatukurudia hadi nilipostaafu. Lakini msimu uliofuata mahasimu walikuja bila yule mkimbiaji. Labda aligeuka vibaya tu. Niliwahi kumwona akianguka hata pakavu. Sijui. Ninachojua ni kwamba aliniuliza, nami nikamjibu.

Sasa nimepumzika, na kazi ile naitamani hata kwa pua: harufu ya udongo unapoguswa na maji ya kwanza, viti vyote vikiwa vitupu. Mahasimu wakicheza kwao naenda na tiketi yangu, nakaa kwenye viti vilivyo karibu na besi ya kwanza nikitafuta mtu mwembamba miongoni mwa makocha, miongoni mwa watazamaji. Sijamwona.

Nyumba ya ule ufunguo tulishahama. Bado ninao. Nikimwagilia sukuma wiki kwenye ndoo hapa barazani, nauchoma kwenye udongo, nauchomoa, nautazama. Ukitoka safi, nasema kwa sauti, jirani anisikie asinisikie:

"Leo nimetandika vizuri, mwanangu."