Kocha Aliyeingia Uwanjani

Watu wa Athi River wakinisikia nikimsifu nahodha wetu wa zamani hunicheka, kwa sababu wanachokumbuka wao ni ile siku ya Machakos tu. Wacheke. Mimi niliketi karibu naye kuliko mtu mwingine yeyote, na nilichokiona siku hiyo bado kinanishangaza.

Alikuwa beki wa kati wa timu ya kiwanda chetu cha saruji, mzaliwa wa Kalama, mrefu, mwembamba, na mdomo haufungi. Nilicheza beki ya kushoto kando yake kwa miaka mingi, na miaka yote hiyo sikuhitaji kugeuza shingo. "Songa. Rudi. Kuna mtu nyuma yako. Wacha huyo, ni wangu." Alisema hivyo kuanzia kipenga cha kwanza hadi cha mwisho, hata tukiwa tunaongoza, hata siku ambazo tumekosana na hatusalimiani. Wenzangu walisema anachosha. Mimi nilikuwa najiuliza mtu mmoja anawezaje kuona uwanja mzima na bado acheze.

Magoti yalipomkataa, uongozi wa kiwanda ukampa ukocha. Wakati huo tulikuwa tukienda pamoja kutazama mpira wa Uingereza kwenye kibanda kimoja karibu na stendi. Kulikuwa na beki Mwingereza tuliyemfuata tangu ujana wetu, mtu wa kuruka kupiga vichwa, kupasuka paji la uso, kufungwa bandeji na kurudi uwanjani. Sasa naye alikuwa meneja. Timu yake ilikuwa inashambuliwa vibaya, na kamera ikamwonyesha amesimama kando ya uwanja na koti safi, mikono mfukoni. Nahodha wetu aliacha kuangalia mpira, akamkazia macho yule mtu.

"Anaweza aje kusimama hivyo?" akaniuliza. "Mpira uko hapo, na yeye ako hapo."

"Analipwa asimame," nikamwambia.

Hakucheka. Jumamosi iliyofuata alikuja mazoezini na koti la mtumba lenye mikono mifupi kuliko yake, na kuanzia siku hiyo akawa bubu. Hakutuambia nani akae wapi. Akiona mabeki wamenyamaza, anapuliza kipenga, mchezo unasimama. "Sijasikia mtu," anasema. "Anzeni tena." Basi ni hayo tu, jioni baada ya jioni. Vijana walinung'unika kwamba kocha gani huyu asiyefundisha. Mimi pia nilinung'unika, hasa kwa vile alikuwa ameniweka benchi, na nilinuna mpaka mke wangu akanichoka.

Msimu ule haukutuendea vizuri. Kabla ya mechi ya mwisho, ambayo tulicheza Machakos mjini, uongozi ulituambia wazi kwamba tukishuka daraja timu inavunjwa. Sare ingetutosha. Kocha alisimama mbele ya benchi letu, mikono mfukoni kama yule Mwingereza, na mtu wa mbali angesema ametulia. Mimi niliona ngumi zake zikisukuma kitambaa kutoka ndani.

Mechi ilikuwa inaelekea kuisha bila bao. Winga wao akampita beki wetu wa kulia, akausukuma mpira mbele na kuukimbilia kando ya mstari, upande wetu wa benchi. Kati yake na kipa hapakuwa na mtu. Nikaona mikono ya kocha ikitoka mfukoni. Aliingia uwanjani, akaupiga mpira ule kwa nguvu zake zote, pigo safi ambalo sijawahi kuona akipiga hata enzi zake, ukaruka ua na kuangukia barabarani kwa watu wa boda boda. Mimi, Mungu anisamehe, nilisimama nikapiga makofi.

Refa akapuliza kipenga. Kocha akainama kukiangalia kiatu chake, kile cheusi cha kwendea kanisani, kana kwamba ni cha mtu mwingine.

"Pole, refa," akasema. "Nimesahau."

Refa akampa kadi nyekundu kwa upole kabisa, na wapinzani wetu wakapewa frikiki. Kocha akatoka getini bila kutuangalia.

Benchi zima likanigeukia mimi, mzee wao. Nikaenda mstarini kuwapanga mabeki, nikafungua mdomo, na sikupata nafasi.

"Ukuta, songa kushoto."

"Niko na huyu mrefu."

"Usishuke. Bado. Bado."

Walikuwa wale vijana wetu wanung'unikaji. Hata beki wa kushoto aliyenipokonya nafasi, mtoto mpole asiyeongea hata akila, alikuwa anawaamrisha watu wenye ndevu, na wanatii. Maneno niliyoyasikia miaka yangu yote kutoka mdomo mmoja sasa yalitoka kila upande wa goli. Mpira ukaja juu, mmoja akaita "Wangu," wengine wote wakamwachia, akautoa kwa kichwa. Wakaja tena, tukautoa tena, hadi kipenga cha mwisho.

Nilimkuta kocha nje, nyuma ya vyoo, ameketi juu ya jiwe akiangalia ukuta, ameziba masikio. Nilipomgusa bega akashtuka.

"Wamefunga?"

"Hapana. Tumebaki kwa ligi."

Akafumba macho, akashusha pumzi. "Asante. Umewapanga vizuri."

Sifa ile ningeipenda sana, lakini haikuwa yangu. "Sikuwapanga," nikamwambia. "Nimefungua mdomo nikapata wamemaliza."

Nikamweleza walivyoitana wenyewe.

"Basi hata pale nyuma kwa mabeki hawanihitaji tena," akasema, kisha akafunika uso kwa mikono na kulia, nami nikabaki nimesimama, sijui nimpe pole au hongera.