Dawa Chini ya Kitanda cha Mama

Chama cha ushirika kilipoyumba na biashara ya kahawa ikawa huria, dawa ya kupulizia mibuni haikukaa tena kwenye ghala la chama. Kila mwenye shamba aliitunza kwake. Kwa kuwa ilikuwa ghali, baba aliificha pasipofikiwa na mwizi: chini ya kitanda cha mama. Yeye alilala sebuleni kulinda magunia ya kahawa. Sisi watu wa Mbinga bwana, kahawa tuliitunza kuliko tulivyotunzana.

Madumu yalivuja, harufu tukaizoea. Mama ndiye aliyebadilika. Mikono ilimtetemeka, usipa, dagaa wa ziwani, aliutia chumvi mara mbili, alimfokea mtu kisha akalia yeye. Jioni moja tulikusanyika na jumuiya ya sala kwa jirani, mama akiongoza rozari kama kawaida yake, akapotea katikati ya Salamu Maria. Sala aliyonifundisha mimi! Wanawake wakatazamana.

"Kangara hiyo," mmoja akanong'ona.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama hakuwahi kuonja pombe maishani mwake, lakini uongozi wa sala wakamvua.

Baba na mimi tukampeleka zahanati. Mganga, mtumishi aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, hakuuliza habari za pombe.

"Shikamoo mama. Dawa ya kahawa mnaiweka wapi?"

"Marahaba. Chini ya kitanda, daktari. Nje wataiba."

Akamgeukia baba. Alisema sumu ile yaweza kuingia kwa pumzi, ikavuruga akili na kumtia mtu huzuni asiyojua chanzo chake. Hakuapa kwamba ndiyo sababu yote, ila aliagiza itolewe siku hiyo hiyo.

Tukaitoa. Taratibu mikono ya mama ikatulia, kumbukumbu nayo ikarudi kiasi. Jina lake jema kwa majirani ndilo halikurudi. Tulipokuwa tukienda tena jumuiya, akamwambia baba, "Baba watoto, leo uwaambie wewe. Nikisema mimi, wataona najitetea."

"Nitasema," baba akajibu.

Ukafika wakati wa maombi. Baba akasimama, akasafisha koo, na mama akamwinulia uso. Niliiona aibu ikimkaba: angeanzaje kusema kwamba alimlaza mkewe juu ya sumu? Nami nilikuwa mkubwa wa kutosha kusema. Nikainama nikatazama miguu yangu.

Baba akaombea mvua.

"Ee Bwana, twakuomba utusikie," tukaitikia wote, na mama akiwemo.