Jeshi la Risasi na Mtani Wangu

Niliingia Mpanda kwa gari moshi, wakati ule reli bado mpya na mgodi wa madini ya risasi ndio unaolisha mji mzima. Shule nilikuwa nimeiacha katikati ya darasa la nne. Nilipanda treni kwa sababu nilitaka kujua reli inaishia wapi. Iliishia pale pale. Ningeondoka wiki hiyo hiyo kama nisingesikia kwamba kuna Mzungu mmoja wa mtambo wa kusaga mawe anatafuta mtu ambaye mkono wake hautetemeki.

Nilidhani ni kazi ya kuandika vibao vya milango. Bwana akanipeleka barazani kwake, akafunua shuka, nikaona meza kubwa iliyotandikwa blanketi la kijani, na juu yake watu wadogo wasiofika urefu wa kidole. Walikuwa askari wa vita vya zamani vya Ulaya, Waingereza upande huu, Wafaransa upande ule, na farasi wao na mizinga yao. Mji mzima ulikuwa unachimba risasi iende ng'ambo kwenye viwanda, na yeye jioni alikuwa anaiyeyusha kwenye sufuria kuukuu na kuimimina kwenye kalibu, atengeneze Wafaransa.

"Wewe paka rangi," aliniambia. "Kila mtu rangi yake. Makosa hapana."

Nilikubali kwa udadisi tu. Sikujua najifunga.

Shida zilikuwa tatu. Kwanza, risasi tupu ni laini kama nta. Unamsugua askari kwa tupa, unampaka koti, unampaka buti, unamwekea uso, halafu ukimshika kumgeuza bunduki inapinda inakuwa ndoano. Ukiinyoosha inakatika, naye Bwana anasema askari asiye na bunduki ni mpishi. Pili, vumbi. Kiangazi cha Mpanda kila lori la mgodi likipita vumbi jekundu linaingia hadi kwenye meno, na rangi mbichi hulipokea kama ndugu. Farasi wa afisa mmoja nilikuwa nimempaka nyeupe mara nne, na mara zote nne akakauka akiwa wa rangi ya tofali.

Tatu, Bwana mwenyewe. Kila kikosi kilikuwa na rangi yake ya kola na ya mikono ya koti, na rangi hizo ndizo zilizotaka kunitoa roho.

"Hii njano gani?"

"Njano, Bwana."

"Hii njano ya ndizi. Nataka ya ngozi. Ngozi ya mbuzi, imekauka."

"Mbuzi yupi, Bwana?"

Alinitazama kama nimemtukana. Nilikuwa nauliza kweli. Ngozi za mbuzi nilizoziona zikianikwa mtaa wa Shanwe hazikufanana hata mbili.

Nikishamaliza kikosi nilikipanga kwenye kasha tupu la baruti, mstari kwa mstari, wapiga ngoma mbele, bendera katikati. Halafu kitabu kipya cha vita hivyo kinamfikia kutoka kwao. Anasoma usiku, asubuhi ananiambia kikosi cha kola za kijani siku ile hakikuwapo vitani, kilikuwa njiani. Basi nakwangua kola za kijani napaka buluu. Nilimuuliza kama na sisi hatuwezi kukiacha kiwe bado njiani. Hakucheka.

Kilichonizuia nisiondoke ni ziwa. Bwana alikuwa amemwalika daktari wa mgodi aje wapigane pale mezani Jumamosi moja, jeshi kwa jeshi, kwa dadu na fimbo ya kupimia mwendo. Kesho yake angekwenda Karema, kando ya ziwa hilo, kuvua samaki. Akaniahidi kwamba jeshi likiwa tayari Jumamosi hiyo, bila dosari, atanichukua kwenye gari lake. Sijawahi kutamani kitu namna ile. Wachuuzi wawili wa migebuka, samaki wa ziwani, waliokuja Shanwe walikuwa wanabishana mbele yangu. Mmoja anasema ukisimama ufukweni Karema unaiona milima ya Kongo, mwingine anaapa hakuna kinachoonekana ila maji yameungana na mbingu. Wote wawili wamezaliwa huko! Nilitaka nikasimame pale mwenyewe nijue mwongo ni nani.

Basi nilipaka. Ijumaa nikamaliza wapanda farasi, kikosi kizuri kuliko vyote, nikawapaka vanishi. Sehemu pekee isiyofikiwa na vumbi ilikuwa jikoni, juu ya kabati karibu na jiko, na siku zote ndiko nilikokaushia. Nikawaweka kwenye sinia, nikaenda kulala.

Sasa, mpishi wa Bwana alikuwa Mngoni wa Songea, mtu wa makamo, mnene, asiyeharakishwa na mtu. Mimi ni Mkonongo, na sisi kwa mambo ya utani tunahesabiwa pamoja na Wanyamwezi, watani wa Wangoni tangu babu zao walipopita kwetu na mikuki. Tangu siku ya kwanza aliniita mateka wake. Alikula chakula changu, nikavaa viatu vyake, ikawa kawaida. Kitu cha mtani ukikikuta kimeachwa unakichukua, na mwenyewe haruhusiwi kununa. Hilo nalijua. Lakini kwa nini Jumamosi ile?

Asubuhi nakuta sinia tupu. Mpishi anakata vitunguu, anaimba puani.

"Mtani, farasi wangu wako wapi?"

"Farasi? Nyie Wakonongo mna farasi tangu lini? Babu zenu tuliwakimbiza kwa miguu."

"Mtani, leo sitaki mchezo. Daktari anakuja saa nne."

"Nimekuta jeshi limelala jikoni kwangu bila mlinzi. Nimeliteka. Mateka hukombolewa. Lete jogoo."

"Nitakuletea Jumatatu."

"Jumatatu watakuwa wameshazoea huku. Wataoa."

Niliangalia chini ya meza, nyuma ya kuni, ndani ya birika. Yeye ananisindikiza kwa macho tu. "Hapo baridi," anasema, yaani niko mbali. "Hapo baridi zaidi."

Ningeweza kwenda kwa Bwana. Lakini nilijua Bwana angesikia neno moja tu, mwizi, na mpishi angepandishwa treni ya kurudi na mzigo wake kichwani. Umweleze vipi Mzungu kwamba mtu amekuibia na hajakuibia? Na mimi ningebaki kuwa Mkonongo aliyemshtaki mtani wake, habari ambayo ingefika Songea kabla yake.

Nikakimbia mpaka mtaa wa Nsemulwa, kwa mama mwenye nyumba niliyopanga kwake. Alikuwa na jogoo mmoja.

"Jogoo wangu ndiye ananiamsha kwenda kanisani," akasema. "Ukimchukua, utakuja kuwika wewe?"

"Mama, nitawika."

Alicheka, lakini jogoo hakumtoa mpaka nilipomwachia koti langu la mvua, la pekee, lililokuwa limenifaa masika mawili. Halafu jogoo mwenyewe akagoma kukamatwa. Nilimfukuza kwenye shamba la mihogo, watu wazima na akili zao wamesimama wananitazama.

Niliporudi gari la daktari lilikuwa limeshaegeshwa. Mpishi alimpokea jogoo, akamkandakanda kifuani. "Amekonda kama wewe," akasema. Ndipo akavuta debe la unga wa mahindi, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, na kuanza kuwatoa wapanda farasi wangu mmoja mmoja, kama anatoa mihogo.

Vanishi haikuwa imekauka. Kila farasi, kila kofia, kila shavu nililolipaka nimeshika pumzi, vyote vimevaa unga. Nilipuliza. Nikafuta kwa kitambaa. Unga ukaviringika ukawa uji.

"Mtani!" nikasema.

Hata yeye alikunja uso. "Mimi nilidhani wamekauka," akasema. "Mbona hukusema?"

Mbona hukusema! Barazani Bwana alikuwa ananiita.

Nikawaweka mezani, mahali pao, upande wa kulia. Bwana akainama, akamnyanyua mmoja.

"Nini hii?"

"Unga, Bwana."

"Kwa nini unga?"

Mpishi alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai. Nikasema niliwakausha jikoni, wakaangukia kwenye debe.

"Wote? Pamoja?"

"Pamoja, Bwana."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Alisema kitu kwa Kizungu, nadhani juu ya theluji. Bwana hakucheka. Aliwaondoa wapanda farasi mezani wote, akapigana bila wao, na Wafaransa wa daktari wakapita upande ule wa kulia kama wanapita sokoni. Alishindwa kabla chai haijapoa. Akaniambia, bila kunitazama, kwamba nitabaki niwasafishe.

Alfajiri ya Jumapili gari likaondoka kwenda Karema. Nafasi yangu ya nyuma aliikalia mpishi, maana Mzungu haendi kuvua samaki bila mtu wa kuwakaanga. Alinipungia mkono. Siku nilizokaa nakwangua unga uliokauka kwa ncha ya sindano nilizitumia kumwandalia maswali.

Aliporudi, hata kabla hajashusha masufuria, nilimsimamisha.

"Ziwa likoje?"

"Maji."

"Najua maji. Makubwa kiasi gani?"

"Makubwa. Maji mengi, mtani, mengi."

"Milima ya Kongo inaonekana?"

"Milima gani?"

"Ng'ambo! Ukisimama ufukweni, mbele yako, ng'ambo!"

Alifikiri. Nilimwona anafikiri kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. "Sikuangalia," akasema. "Nilikuwa nakaanga. Moshi ulikuwa upande huo."

Siku zote hizo! Nikamwambia mambo ambayo utani unaruhusu na machache ambayo hauruhusu. Akanipa mgebuka mkavu ninyamaze. Nikaula, sikunyamaza.

Asubuhi yake nilikunja blanketi langu. Wapanda farasi walikuwa safi kwenye kasha, lakini Wafaransa wapya wengi walikuwa bado hawana nyuso. Bwana alinikuta nafunga mzigo, akaniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia Karema.

"Gari haiko. Mwezi ujao."

"Najua, Bwana. Nitatembea."

Akatazama meza, akanitazama mimi, akauliza nani sasa atapaka kola. Nilikuwa nimeshafika barabarani mpishi alipotoka nje na mwiko mkononi, akapaza sauti majirani wote wasikie:

"Ukifika uangalie vizuri basi! Usije ukarudi kuniuliza mimi!"