Mwana wa Poland na Mke Mwenza Wake

Juzi Jumamosi nilimpeleka binti yangu kwa rafiki yake, mtaa wa Lawrence Heights hapa Toronto, nikakuta lile jengo letu la zamani halipo. Pamejengwa nyumba mpya zenye madirisha makubwa, na pale palipokuwa mlango wetu wa nyuma pamewekwa benchi na vyungu vya maua. Nikasimamisha gari nikacheka peke yangu. Binti yangu akaniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, ninacheka nini. Nikamwambia, "Hapa ndipo nilipomwozesha bwana mmoja wa Poland mke wa pili, naye alishakufa zamani." Hakuelewa. Na wewe najua hujaelewa, kwa hiyo kaa nikusimulie.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa ghorofa ya pili: baba, mama, mimi, na bibi mzaa baba, aliyeletwa kutoka Tanga anitazame wakati wazazi wako kazini. Bibi hakupatana na theluji hata siku moja. Majani yakishadondoka, mtaa wake ulikuwa korido ya ghorofa yetu. Aliitembea asubuhi na alasiri, kanga mbili na soksi za baba miguuni, akinusa milango kujua nani anapika nini. Mlango mmoja ulimkosha. Ulinukia vitunguu vikikaangwa taratibu kwenye siagi, na mwenyewe alikuwa mama wa Kipolandi, mjane, mwalimu mstaafu.

Bibi akanituma nimpelekee vitumbua vinne. Alivipika kwa nazi ya kopo na iliki, kwenye kikaango alichokibeba mwenyewe kwenye begi la ndege. Kwao Tanga sahani ya jirani hairudishwi tupu, na sijui yule mama alifundishwa na nani, maana kesho yake sahani ilirudi imejaa vitu kama sambusa za kuchemsha, ndani viazi na jibini. Bibi alinifanya niulize mara tatu kama hamna nguruwe. Jirani akaapa, mkono kifuani. Bibi akala akasema, "Kupika anajua, chumvi ndiyo hana." Tangu hapo sahani haikutulia.

Mimi ndiye niliyekuwa ulimi wao. Bibi Kiingereza chake kiliishia "tenkyu", na jirani Kiswahili hakuwa nacho kabisa. Nami, kama watoto wote wa pale, Kiswahili nilikisikia lakini nilijibu kwa Kiingereza. Bibi hakukubali. Ukimsemesha Kiingereza alikutazama kama redio iliyoharibika mpaka useme maneno ya watu. Kwa hiyo kila alasiri nikitoka shule nilikaa katikati ya wazee wawili, miguu haifiki chini, nikibeba maneno kutoka kiti hiki kwenda kiti kile, na moyo uko kwenye katuni.

Siku moja jirani alikuja na kitabu chenye kurasa za rangi ya chai. Yalikuwa mashairi ya mwanamke mmoja wa kwao, wa ukoo mkubwa wenye mashamba, aliyeishi karne ya kumi na nane. Alisema aliyafundisha miaka yake yote ya ualimu, na sasa hata mwanawe hayataki. Akafungua akasoma kwa Kipolandi. Mimi nilisikia "sh" na "ch" tu. Bibi, aliyekuwa akichagua mchele (mchele wa Kanada hauna hata kijiwe, lakini aliuchagua hivyo hivyo), nikaona vidole vyake vinagonga ukingo wa ungo.

"Saba, anavuta pumzi, halafu sita," akasema. "Kila mstari. Mwambie shoga yangu haya yana mizani. Na vina viko mwisho, nimevisikia."

Nilipolifikisha hilo, jirani alimshika bibi mashavu yote mawili akambusu kwenye paji la uso. Akasema hakupata kuwa na mwanafunzi aliyeigundua hesabu hiyo bila kuambiwa.

Basi ikawa kila alasiri kipande cha maisha ya yule mshairi. Bibi alimpa jina la heshima la pwani, akamwita Mwana. Mwana alikuwa yatima, akalelewa nyumbani kwa ndugu tajiri. Mwana aliozwa kwa mtu mzima aliyemzidi sana umri. Mwana alisimamia mizinga ya nyuki na mapipa ya kabichi, na mimba moja hadi nyingine alikuwa mezani jikoni, akitafsiri hadithi za Kifaransa kwa lugha ya kwao ili wasomaji wa kwao nao wapate. Jirani alizisoma habari hizo za Mwana, mimi nikazibeba, na bibi akazitia kwenye utenzi. Hakuandika hata neno. Alitunga kichwani, beti mbili kwa siku, na kesho yake alianza kwa kurudia zote.

Ndipo akauliza, "Na huyo mume, alikuwa na wake wangapi?"

Nilimtazama jirani. Shingoni alivaa msalaba mdogo wa dhahabu. Niliona haya, rafiki yangu, haya ya kweli. Ningemuulizaje mwalimu wa Kizungu swali kama lile? Na katuni zilikuwa zinaanza.

"Wawili," nikasema.

Bibi akauweka ungo chini. "Nilijua," akasema.

Kuanzia hapo mizinga ya nyuki hakuitaka tena. Beti zilimtoka kumi kwa siku. Mke mdogo anaitwaje? Alikuja na vyombo vyake au alitumia vya mwenzake? Nilijibu yote bila kumtafsiria jirani. Nilimpa nywele za manjano, nikampa masanduku, nikasema hajui kupika. Sikufichi, nilifurahia.

Majira ya kuchipua yalipofika, jirani akatuambia anahama. Mwanawe amenunua nyumba Mississauga na anataka mama yake akakae naye. Bibi akatangaza chai ya kuagana, ambako ataughani utenzi wote mwanzo hadi mwisho. Tena akamwita shangazi atoke Regent Park aje kutafsiri, kwa sababu, alisema, Kiswahili changu kina matundu.

Nilikoma. Wale wawili hawakuwa na mtu mwingine ghorofani mle, na mimi ndiye niliyekuwa nimewadanganya wote. Nikawaona akilini wakiachana kwa hasira mlangoni kwa ajili yangu. Nikajifanya naumwa tumbo, nikanyweshwa maji ya tangawizi na kuvalishwa gauni la Idi.

Bibi akaghani. Shangazi akatafsiri vizuri mpaka kwenye mke mdogo. Hapo sauti yake ikaanza kupungua, sikujua kwa nini. Jirani akainua mkono.

"Mke wa pili? Hapana. Alikuwa mke peke yake, na mumewe alilalamika huyo mmoja tu anatosha kwa kelele."

Shangazi akalisema kwa Kiswahili, na wote watatu wakanigeukia. Nikaanza kulia kabla sijaulizwa.

Bibi akaweka kikombe chini. "Basi beti hizo ni zangu," akasema.

Shangazi hakutafsiri. Kwetu lile jambo halikuzungumzwa: babu alioa mke wa pili, akamleta nyumba ile ile, na bibi aliwapikia wote miaka na miaka bila kusema kitu. Bibi akamgusa shangazi goti. "Mwambie. Mwambie shoga yangu kwamba hizo ni zangu mimi."

Jirani aliposikia, alivuta kiti chake hadi magoti yao yakagusana. Akaomba bibi aanze tena pale mke mdogo anapoingia. Mimi akanifuta machozi kwa leso yake, akaniambia hata Mwana alipotafsiri Kifaransa alitia kabichi ambazo Wafaransa hawakuziandika. Bibi hakuwa mpole hivyo. Vyombo vyote vya siku ile niliviosha mimi.

Sasa wazee wote wawili hawapo, na kitabu sijui kiko kwa nani. Nimejaribu kukumbuka beti za uyatima, za harusi, za nyuki, zile za kweli nilizozibeba kwa uaminifu. Nimemuuliza shangazi, naye hana hata moja. Tumebakiwa na ubeti mmoja tu, sote wawili ule ule. Jumamosi nilimghania binti yangu ndani ya gari, taratibu, akaomba nirudie:

Mke mwenza kaingia,
Na masanduku mamia,
Mwana kamuangalia,
Kalamu hakuiacha.