Shimo la Mzeituni Nililolikana

Nilikosa mimi. Naanza hapo ili mtu asinionee huruma kabla ya kusikia yote. Hakuna aliyenituma, hakuna aliyenilewesha. Ni mimi na jembe tu.

Wakati wa vita vya shifta, wale waasi wa mpakani, nilikuwa karani wa serikali kule Elwak. Kijana wa bara, suruali ya pasi, viatu vya kung'ara katika vumbi lile! Ofisa mmoja Mzungu wa mifugo, alipokuwa akifunga mizigo arudi kwao, aliniachia sahani ya udongo na ujuzi wa ajabu: kuchukua kisiki cha mti porini, kukipanda kwenye sahani, kukipogoa na kukifunga waya hadi kiwe mti mzee kamili, ila wa kimo cha mkono. Bonsai, ndivyo alivyouita. Nikashikwa! Wenzangu walishikwa na pombe na karata, mimi nikashikwa na miti midogo.

Rafiki yangu wa pekee pale alikuwa Adan, mchunga ngamia, rika langu. Ndiye aliyenifundisha Kisomali. Mama yake, Dahabo, ndiye aliyeninywesha maziwa nilipolala na malaria, nami nikamwita Hooyo, mama, kama alivyoitwa na mwanawe.

Maziwa yake yalinukia moshi mtamu. Nikauliza siri yake, akanipeleka kuiona: kisiki cha mzeituni mwitu, kando ya barabara inapovuka laga, ule mto mkavu. Mzeituni ni adimu upande ule. Wanawake walikuwa wameukata matawi miaka na miaka, wafukizie vyombo vyao vya maziwa, mpaka ukabaki kisiki kinene kilichojipinda, chenye mashimo, na vichipukizi vichache ubavuni.

Jamani, kisiki kile! Yule Mzungu angekiona angelia.

"Hooyo, nipe hiki," nikamwambia.

Akacheka. "Wewe karani, hii nakula? Haya, chukua. Lakini bole bole. Fyombo yangu nataka moshi ya hii mti."

Sasa sikiliza kazi inavyofanywa, maana mkosi uliingilia hapo. Kisiki haking'olewi siku moja, kitakufa. Unachimba mfereji upande mmoja, unakata mizizi minene, unarudisha udongo, unaushindilia, kisha unaacha msimu mzima ili mizizi midogo iote. Ndipo unarudi kwa upande wa pili.

Nilikwenda Jumapili moja asubuhi. Amri ilikuwa kali: kutoka nje ya seng'enge ya kijiji bila pasi, yaani kibali, ni kosa. Na karani wa pasi ni nani? Mimi! Lakini sikujiandikia. Niliona haya kuandika kwamba nakwenda kuchimba kisiki. Jembe nililitoa stoo ya serikali bila kumuuliza mtu. Na kwa kuwa viatu vyangu niliviogopea miiba, nikaazima akala za Adan, zile za tairi.

Nikachimba, nikakata mizizi kwa panga, nikafukia, nikafagia juu kwa tawi ili mbuzi wasifukue. Nikamrudishia Adan akala zake, nikaoga, nikanywa chai kwa raha zangu.

Kesho yake lori la doria likasimama pale pale. Udongo mbichi, umeshindiliwa, umefagiwa, kando ya barabara! Siku hizo mabomu yalikuwa yakifukiwa njiani na watu walikuwa wameshakufa. Wafuata nyayo wakaandama alama za tairi mpaka mlangoni kwa Hooyo Dahabo, wakakuta akala ziko miguuni mwa Adan.

Wakamleta ofisini kuandikiwa maneno. Mwandishi alikuwa mimi.

"Si mimi, afande," Adan akasema. Alikuwa ametulia kabisa, kwa sababu aliniona. "Ni huyu karani nachimba. Natafuta mti ya kuweka kwa sahani. Muulize."

Askari wakaangua kicheko. Afande akanigeukia. "Karani, ni kweli?"

Ndugu yangu, neno lililotakiwa lilikuwa moja tu. Ndiyo. Lakini nikaiona pasi ambayo sikuiandika, nikaliona jembe la stoo, nikajiona nami nimeketishwa sakafuni karibu na Adan naitwa msaliti. Nikasema, "Nitachimba mti wa nini mimi, afande?"

Wakacheka tena. Nami nikacheka! Nilicheka, Mungu wangu!

"Walaal," Adan aliniita, yaani ndugu. Aliita mara moja tu.

Walipofukua hawakukuta bomu. Wakasema basi shimo lilikuwa likitayarishwa.

Asubuhi iliyofuata Adan alikuwa nyuma ya lori la Garissa, amefungwa mikono, dereva anapima mafuta. Hooyo Dahabo akaja ameinama na mzigo mgongoni. Alikuwa amekwenda mwenyewe na shoka, bila pasi wala woga, akakata upande wa pili na kuking'oa kisiki kizima. Mwanamke wa umri ule! Akaingia nacho ofisini, akakitua mbele ya afande, akamwonyesha mizizi niliyoikata, mikato safi ya panga, na udongo umekwisha kukaukia juu yake. Uchungu ukamtoa Kiswahili chote. Akasema Kisomali kitupu: mwanangu hana kosa, bomu lenu ni hili hapa, muulizeni huyu aliyekula kwangu.

"Anasema nini?" afande akauliza.

Hapo ofisini hapakuwa na mwingine aliyeelewa. Mungu alinipa nafasi ya pili, na Adan namwona dirishani. Nikajibu, "Analeta kuni za kuuza, afande."

Wakamfukuza, kisiki wakakitupa uani. Lori likaondoka. Adan hakurudi, si mwaka ule wala mwingine wowote, na ngamia wa nyumba yao wakachukuliwa vilevile.

Na kisiki? Kilibaki pale uani. Nikakichukua! Ndiyo, nikakipanda kwenye sahani, tena nikakiombea kishike. Nacho kikashika.

Nimekilea tangu hapo, uhamisho baada ya uhamisho. Majani yamekuwa madogo madogo, shina limezeeka vizuri, wageni huuzunguka mti huo wakisema lo! Wakiuliza niliutoa wapi, nasema nilipewa. Mke wangu naye alikuwa akiniuliza kwa nini naupogoa kwa hasira. Sikumjibu hata siku moja. Mwishowe alichoka kuishi na mtu asiyejibu, akarudi kwao.

Mwaka jana nikasikia kwamba Hooyo yu hai, anakaa Garissa, mtaa wa Waberi. Nikasafiri, mti mapajani. Nilimkuta haoni tena vizuri. Akaushika mti, akaupapasa taratibu kutoka juu mpaka chini, vidole vikafika kwenye kovu la panga langu, pale mizizi inapoanzia.

"Wewe ni karani."

"Ni mimi, Hooyo. Nimekuja kusema ukweli. Ni mimi niliyechimba."

"Mimi najua wewe nachimba. Si mimi nakupa hii mti? Kwa nini naambia mimi? Enda ambia wale nacheka."

Nikamsihi mti ubaki kwake. Akakataa. Alivunja kitawi kimoja tu cha kufukizia chombo chake, akausukuma mti kwangu. "Maji mwagia wewe."

Basi ninyi mliocheka ofisini siku ile, popote mlipo: Adan alisema kweli. Shimo lilikuwa langu.

Na wewe unayesoma, ukiulizwa jambo unalolijua na mwenzio amefungwa anakutazama, jibu papo hapo! Usijiambie utasema kesho woga ukipoa. Woga ukipoa, lori limeshaondoka.

Nilitaka kuweka jina langu hapa chini. Nimeliandika mara tatu, na mara tatu nimelifuta. Hooyo akisomewa maneno haya atauliza kama karani ameweka jina lake, na anayemsomea atamwambia halipo.