Debe, Sindano na Duru Mbili za Tasbihi

Nakumbuka siku moja nilimfukuza mgeni mlangoni kwetu, Jomvu Kuu, kwa ajili ya debe tupu la mafuta ya taa. Usicheke, mwanangu. Juzi ulinijia umenuna, eti huwezi kuanza kupiga picha mpaka upate kamera ya maana, nami nikanyamaza kwa sababu kinywa changu kilikuwa kimejaa tambuu. Leo nimeshatema. Kaa nikwambie jinsi msichana asiyewahi kushika kamera ya dukani alivyopiga ile picha kubwa unayoiona ukutani kila ukiingia humu.

Ilikuwa miaka ya vita. Kaka yangu Saidi alikuwa jeshini, wamempeleka Bama, huko Burma, kupigana na Wajapani, na mwenzake Juma alipokuja likizo alituletea barua yake. Ombi lilikuwa moja tu: picha ya mama. Saidi aliandika kwamba uso wa mama umeanza kumpotea, na kwamba jambo hilo linamtisha kuliko risasi. Juma alikuwa apande gari la moshi Jumatatu asubuhi. Mama naye alikuwa mwanamke wa ndani. Kwenda mjini kukaa mbele ya mwanamume asiyemjua, amkodolee macho, hilo hakutaka hata kulisikia. Alisema Saidi atamkumbuka kwa dua, kisha nikamwona akijifuta machozi kwa upindo wa leso.

Mjomba wangu, ndugu yake mama, alikuwa akiosha picha katika duka moja mjini, na kila Ijumaa alikuja kula kwetu. Kamera ya tajiri wake haikuruhusiwa kutoka dukani. Nilipomlilia, akacheka. "Kamera ni giza lenye tundu, mwanangu," akanambia. "Giza mnalo, tundu utatoboa."

Basi kamera nikaitengeneza mwenyewe, na hapa uniache nijisifu kidogo. Nililichukua debe, nikalisugua kwa mchanga mpaka harufu ya mafuta ikaisha. Ndani nikalipaka masizi ya sufuria niliyoyachanganya na uji mwembamba, likawa jeusi tititi. Upande mmoja nikaweka kipande cha bati jembamba la kopo la sigara, nikakitoboa kwa ncha ya sindano ya kudarizi, nikakilainisha kwa msasa mpaka tundu likawa duara safi. Juu ya tundu nikagandisha kipande cha ngozi ya kiatu, ndiyo kope ya kufumba na kufumbua. Mdomo wa debe nikaufunika kwa mbao na buibui kuukuu, nuru isipenye. Mjomba alinipa karatasi tatu za picha zilizoharibika pembeni, kubwa kama sahani ya pilau, pamoja na dawa za kuoshea katika chupa mbili za soda. Karatasi mbili za kupigia, moja ya kugeuzia, maana picha hutoka kwanza kinyume, cheupe kikawa cheusi. Akaniambia nifungue tundu juani na kuhesabu polepole hadi mia mbili, na wakati huo mtu asitikisike.

Jumamosi alasiri nikabandika karatasi moja ndani ya debe gizani, kisha nikamkalisha mama uani, jua linampiga usoni. Nikafungua tundu, nikaanza kuhesabu. Nilipofika sitini nikasikia, "Hodi! Hodi wenyewe!" Alikuwa Mama Kadzo, jirani yetu Mgiriama, na kapu lake la mihogo kichwani.

Wewe wajua kwetu. Hodi haiachwi ikaning'inia. Mama aliitika, "Karibu, karibu ndani," akainuka kumtafutia kigoda. Nami damu ikanipanda. Nikamwendea Mama Kadzo pale mlangoni, nikamwambia, "Huoni watu wana kazi? Rudi ulikotoka!"

Mama Kadzo alijitwika kapu lake vizuri akaenda zake. Ninaona haya mpaka leo ninapolisema.

Mama hakupiga kelele. Akasema, "Mja wa Mungu amekuja kwa miguu yake kunijulia hali, nawe wamfukuza kwa ajili ya debe? Wataka Saidi aione sura ya mama gani? Yule asiyeitika hodi? Huyo hamjui." Nikaingia chumbani nikaiosha ile karatasi huku nikilia. Mama alitoka wingu tu, na kigoda alichomwekea mgeni kando yake kimetulia, kinaonekana hata ufa wake.

Magharibi haijaingia nilikuwa nimeshafika kwa Mama Kadzo. Nikapiga hodi, nikapiga magoti, nikamwomba radhi. Alinipa muhogo wa kuchemsha kwanza, ndipo akaniuliza lile debe ni la nini. Nikamweleza yote, habari ya Saidi, na karatasi moja iliyobaki, na Jumatatu. Nikamwambia siwezi kumkataza mama kuitikia watu, wala siwezi kuwazuia watu.

"Mbona rahisi," akasema. "Mimi nikimkuta mamako juu ya msala simsemeshi. Naketi nangoja. Nani atampigia kelele mtu anayeomba?"

Juu ya msala, mkeka wa kuswalia, mwanangu, sikusema msalani, usije ukanisimulia vibaya. Nilimkumbatia yule mama hadi kapu likaanguka. Mimi Mwislamu mtoto wa Mwislamu, nimezaliwa nikiiona swala ya mama kila siku, na jambo lile nimefundishwa na Mkristo niliyemtimua mlangoni!

Jumapili, mama alipomaliza kuswali alasiri uani penye jua, alibaki pale pale akivuta uradi, tasbihi mkononi. Nilikuwa nimemwomba ruhusa, naye akasema mradi nisimwambie akae vingine. Nikafungua tundu. Sikuhesabu. Mama alikuwa ananihesabia: tasbihi yake ilikuwa na punje mia, nami nikangoja izunguke duru mbili. Mama Kadzo alikuwa ameketi mlangoni tangu atoke kanisani, na kila aliyekuja alimwekea kidole mdomoni.

Chumbani, taa imefungwa kitambaa chekundu, nikaitia karatasi katika dawa. Shuka yake ya kusalia ilitoka nyeusi, uso mweusi, kivuli cheupe. Nikailaza juu ya ile karatasi ya mwisho, kioo juu, nikaimulika kidogo, nikaosha tena. Hapo ndipo mama alipotokea, mwanangu. Uso umetulia, kila kunyanzi mahali pake. Mikono peke yake ndiyo haikuonekana, imekuwa moshi mtupu kwa kule kuvuta tasbihi. Nilisikitika, nikadhani nimekosea tena. Lakini Jumatatu ilikuwa imefika, nikaitia katika bahasha, Juma akaondoka nayo.

Jibu la Saidi lilikuja baada ya miezi. Mjomba alitusomea uani, Mama Kadzo naye yupo. Aliandika: "Wenzangu wana picha za mama zao wameganda. Mamangu mikono yake haijatulia, na najua yuafanya nini." Saidi alirudi nayo mzima, ina alama za kukunjwa mara nne, na ndiyo ile unayoiona ukutani.

Kwa hiyo usingoje kamera ya dukani, mwanangu. Tafuta debe, ulitie masizi, toboa tundu dogo kuliko unavyodhani, na ukiharibu karatasi ya kwanza ioshe vivyo hivyo ulione kosa lako. Lakini kazi yako isikufanye uwakemee watu. Nyumba ina desturi zake, zifuate, na humo humo utaipata nafasi ya tundu lako. Na uliyemkosea mfuate mapema, huenda ndiye aliye na jibu lako.

Haya, Mungu akupe mkono mtulivu na subira ya duru mbili. Akujaalie nuru ya kutosha. Na mlango wako usikose mtu wa kuubishia hodi, nawe usikose kuitika.