Maji Yaliyopita Njia Ileile

Kazini walimwita Mama Mito, maana mazungumzo ya mito hayakumwisha mdomoni. Alikuwa ametengeneza programu ya kompyuta inayopokea takwimu za mvua, udongo na mteremko wa ardhi, kisha inachora ramani: mto ukifurika, maji yatapita wapi. Alianza na mtaa aliozaliwa, ambako mama yake bado anaishi, jirani na zahanati.

Ramani ile ilionyesha maji yakifika ukuta wa zahanati, nayo ikampatia sifa. Kisha kompyuta yake kuukuu ikafa. Akapewa mpya, akarudishia mafaili, akaendesha programu. Safari hii maji yalipita upande mwingine kabisa, yakaiacha zahanati kavu.

"Sasa ipi ni ya kweli?" alimuuliza mwenzake wa meza ya pili, mtafiti wa misitu aliyeitwa Babu kwa mvi zake za mapema.

"Chagua inayopendeza," Babu akatania.

Mama Mito hakucheka. Alihangaika kiangazi kizima mpaka akalinasa kosa: kompyuta mpya ilikuwa na toleo jingine la programu ndogo ya kupima mteremko, nalo lilisoma vilima kama mabonde. Yeye hakuwa ameandika popote alitumia toleo lipi. Basi akakusanya kila kitu pamoja: takwimu ghafi, matoleo yote, hatua kwa hatua, ili mtu yeyote aanze mwanzo na afike kwenye ramani ileile. Akaviweka mtandaoni, wazi kwa wote.

"Dada, unagawa jasho lako bure?"

"Babu, kama hata mimi nilishindwa kuurudia, ule ulikuwa utafiti au bahati?"

Halafu asubuhi moja, akiwa kwa mama yake, akapigiwa simu na mhandisi wa maji, mwanamke wa nchi ya mbali ambayo Mama Mito hajawahi kuikanyaga, aliyezikuta hatua zile mtandaoni. "Fungua kompyuta, dada, nikuonyeshe kitu."

Kwenye kioo cha kompyuta, rangi ya buluu ilitoka mtoni, ikapinda sokoni, ikazunguka nyuma ya shule, ikapanda hadi ukuta wa zahanati. Ikatulia hapo hapo.

Mama yake akasogeza kiti. "Huyu alishafika huku kwetu?"

"Hajafika, mama."

"Kajuaje kona ya kwa fundi cherehani, pale sokoni?"

"Haijui. Amefuata hatua zangu tu."

Bi mkubwa akaweka kikombe chini taratibu. "Makubwa haya!"

"Ngojeni, bado," mhandisi akasema. Akaingiza takwimu za bonde la kwao. Mto ambao humo chumbani hakuna aliyewahi kuuona ukaanza kuvimba kwenye kompyuta, juu ya meza ya kulia chakula, ukalimeza jengo moja dogo kwenye kingo. Mhandisi akasema kwa sauti ya chini: "Hiyo ni chekechea."

Watoto walihamishiwa mlimani kabla ya masika. Mvua iliponyesha, mhandisi alituma picha: maji yenye matope yamefika madirishani, darasani hamna mtu, hata kiti kimoja. Mama Mito aliiweka kando ya ramani. Matope yalikuwa yamesimama palepale iliposimama buluu.

Mama yake, aliyekuwa kando yake, akaitazama picha. "Mwandikie haraka. Wafagie matope yangali mabichi. Yakikauka, ni balaa."

Akaandika.